Mbao Zilizokinga Mto

Mbotela, Nairobi, 3 Machi

Mdogo wangu Lusweti,

Habari za huko milimani? Kifua chako kimepona? Sisi tunapumua. Mpwa wako Vivian anauliza kama bado unalala na soksi. Simu yako haishiki kabisa, kwa hivyo barua hii nimempa Musyoka, dereva wa lori la viazi.

Mfereji wetu wa bomba ulikauka wiki tatu zilizopita. Nanunua maji ya mkokoteni, na hakuna anayejua yametekwa wapi. Nguo za mtumba nilizotoa soko la Gikomba niuze zimelala na vumbi, sina maji ya kuzifulia. Jana nilienda ofisi ya maji na jirani yangu Mbinya. Karani hata hakuinua macho. "Mama, ni ukame. Mlaumu Mungu." Mungu! Wewe unayefanya kazi kwenye mto wenyewe, niambie: ni kweli?

Dada yako,
Selpher


Kambini, 19 Machi

Dada Selpher,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Kifua kimetulia.

Ni kweli, dada. Mto uliokuwa ukinifika kiunoni sasa haufuniki vifundo vya miguu. Hawa trauti ninaowatunza ni samaki wa maji baridi yanayokimbia. Jua la saa sita likiyapasha, hewa inapungua ndani yake. Wanajibanza chini ya mawe, midomo wazi, kama wazee waliopanda ngazi. Leo nimeokota kumi na saba waliokufa. Mwenye kambi, Bwana Sydney, amesimamisha uvuvi mtoni. Wageni wanavua kwenye mabwawa yetu tu. Vumilieni mpaka mvua ije.

Mdogo wako,
Lusweti


Mbotela, 11 Juni

Lusweti,

Salamu. Mimi ni mzima. Vivian ndiye hakuwa mzima, ndiyo maana nilinyamaza. Alilazwa siku tisa, kipindupindu. Daktari aliuliza maji tunatoa wapi. Nikasema mkokoteni. Akaandika tu, kama mtu aliyekwisha kuandika neno hilo mara nyingi siku hiyo.

Ulituambia tuvumilie mpaka mvua. Mvua ilinyesha Aprili, ikanyesha Mei, ikaingia hadi chini ya godoro langu! Mfereji bado mkavu. Nimerudi kwa karani yule yule. Sasa eti ni baridi, mawingu ya Juni hayana mvua. Kiangazi ni kosa la jua, baridi ni kosa la mawingu. Kwani hakuna binadamu anayekosea katika nchi hii?

Nijibu.

Dada yako,
Selpher


Kambini, 6 Julai

Dada,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara nne nikashindwa kula.

Karani hakudanganya yote. Huku asubuhi nyasi zina barafu na ukungu hushinda kutwa, lakini ni manyunyu tu, na mto haujapona kiangazi. Ila trauti wanaipenda baridi hii. Wamenenepa, na wageni wamejaa.

Kuna jambo sikukuambia. Mwezi wa tatu Bwana Sydney aliniamuru nipigilie mbao kuukinga mto, ili maji yageuke yaingie mabwawani. "Mpaka mvua ije," alisema. Mvua ilipokuja nilimkumbusha, akasema ana wageni wa Julai. Mbao bado ziko. Huko chini kuna mama mmoja, Njoki, anachota maji kwa kikombe. Na mto huu ni mmoja wa mito inayojaza bwawa la maji ya Nairobi. Ni mdogo, peke yake hauwezi kukausha Mbotela. Lakini nilijua, nikanyamaza. Nifanye nini? Nikizing'oa, kazi imekwisha.

Mdogo wako,
Lusweti


Mbotela, 10 Julai

Lusweti,

Leo sina salamu. Mwanangu alikuwa anatapika, wewe unanenepesha samaki. Una miaka thelathini na minne. Misumari uliipigilia bila kuniuliza.

Selpher


Kwa Mama Njoki, 2 Agosti

Dada yangu,

Natumaini Vivian ana nguvu sasa. Mimi ni mzima, sina kazi.

Mbao nilizing'oa Jumamosi asubuhi, wageni wakinywa chai. Nilimwambia Bwana Sydney kwanza, uso kwa uso.

"Hao samaki watakufa, Lusweti."

"Nitawarudisha mtoni. Baridi hii inawatosha."

"Na wageni wangu?"

Nikachukua nyundo nikaenda mtoni. Njoki na majirani walikuja na ndoo, tukawabeba trauti mpaka saa nane. Wachache walikufa, na niliumia, usinicheke. Maji yalipofika kwa Njoki alivua viatu akasimama ndani yake, kwa baridi ile.

Nimefukuzwa, na Bwana Sydney ameahidi kuniletea polisi. Mfereji wenu umetoa kitu?

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,
Lusweti


Mbotela, 15 Agosti

Mdogo wangu,

Vivian amerudi shule. Umekula? Umepata blanketi?

Mfereji haukutoa hata tone. Lakini barua yako iliniuma: kama huko juu ni mkono wa mtu, hapa je? Mimi na Mbinya tulifuata paipu mchana kweupe hadi nyuma ya ukuta wa mahali pa kuosha magari. Hapo paipu inagawanyika, na kuna valvu ya kufungulia maji. Upande wa kwetu imefungwa kwa mnyororo. Upande wa pili magari yanaoga! Miezi sita! Mbinya alileta spana ya marehemu mumewe, mimi nikaleta hasira. Maji yalitoka siku mbili. Mbotela nzima ilifua.

Siku ya tatu tulikamatwa. Tukapelekwa mahakamani Makadara, shtaka ni kuharibu mali ya umma. Hakimu akauliza kama nakubali kosa.

"Mheshimiwa, nilifungua maji."

"Jibu ni ndiyo au la."

"Nilifungua maji."

Akaandika kwamba nimekana. Tuko nje kwa dhamana, kesi ni tarehe tatu Septemba. Valvu wameifunga tena, sasa kwa kufuli mbili. Na hakuna aliyemuuliza mwenye pale pa kuosha magari swali hata moja.

Njoo nyumbani. Chumba ni kidogo, utalala sebuleni. Siku ya kesi nataka usimame kizimbani kama shahidi wetu uwaeleze ukame ni nini, na baridi ni nini, na ni wapi vinapoishia na watu wanapoanzia. Anza na mikono yako mwenyewe.

Dada yako,
Selpher