Mlango wa Salle Uko Wazi

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimefagia salle, ukumbi wetu wa michezo ya mashine. Nimepangusa kioo cha mashine, nimefungua mlango, nimekaa kwenye kiti cha Deo, mume wangu. Hakuna aliyekuja kucheza. Umeme ulirudi kidogo mchana, nikakimbilia swichi, ukaenda tena. Nimefunga kabla giza halijaingia. Askari wanaanza kuzunguka mapema siku hizi.

Mimi ni mke wa mtu! Bado ninashtuka kila asubuhi, kwa furaha. Mama Deo akiniita "bibi arusi" ninaficha uso. Nina mume mzuri kuliko wote wa Bukavu, na mume huyo yuko Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu, na mimi niko Nyalukemba na mashine ya michezo kubwa kama kabati. Basi.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Hakuna umeme. Nimefungua mlango hata hivyo. Nilimwahidi.

Siku ile anaondoka alipakia televisheni zote, maneti zake za kuchezea na jenereta kwenye lori la wafanyabiashara. Wiki chache tu baada ya arusi, shela langu bado limetundikwa ukutani. Alisema wachimba dhahabu hawana cha kufanya wakitoka shimoni. Watacheza, atapata kitu, atarudi tuifufue salle. Mashine kubwa haikuingia kwenye lori. Ikabaki, nami nikabaki. Alinishika mabega mbele ya mama yake (mbele ya mama yake!) akasema, "Chérie, mlango ukae wazi. Bantu bakiona umefungwa, batasahau. Na tonton atapangisha."

Tonton Faustin ni mdogo wa marehemu baba yake Deo. Nyumba ya salle ni yake. Anangoja tu salle ife.

Haitafia mikononi mwangu.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya misa nimezunguka njia ndefu, nipite mahali salle nyingine zilipokuwa. Zile tulizoshindana nazo. Moja sasa wanauza unga. Nyingine wanaonyesha filamu za karate kwa televisheni moja, watu wamebanana gizani, wanatazama tu. Hakuna anayegusa kitu. Nimeona hasira. Kwetu mtu alishinda au alishindwa kwa mikono yake mwenyewe.

Nakumbuka ya kwetu kabla ya vita vya kwanza, vile vya 1996. Nilikuwa bado navaa nyeupe na bluu ya shule. Kaka yangu alikuwa hatoki huko, mama akanituma nimvute sikio. Niliisikia salle kabla ya kuiona. Milio, mabomu, vicheko, mtu anapaza sauti "Kushoto! Kushoto!" Kelele zile zilishuka mpaka ziwani. Ndani joto, jasho, harufu ya karanga. Na sakafuni mbele ya mashine, mstari wa viatu! Ukitaka zamu uliacha kiatu kimoja kwenye mstari, ukasimama na mguu mmoja mtupu mpaka kiatu chako kifike mbele. Matajiri na maskini, wote mguu mmoja mtupu.

Kijana mwembamba mwenye jetoni, zile sarafu za mashine, mfukoni akanitazama. "Mademoiselle, weka kiatu."

Nikaweka! Kiatu changu cha shule kati ya viatu vya wanaume. Kaka yangu alitaka ardhi immeze. Mimi nilikuwa nimeshaolewa moyoni, sijui kama Deo alijua.

Alhamisi, 14 Oktoba

Umeme! Nimecheza peke yangu. Mashine yetu ni ile ya ndege mbili za vita, nyekundu na ya bluu. Nimetia jetoni ya nyekundu, halafu nimetia na ya bluu, ya Deo. Ndege yake ilibaki pale chini, haisogei, hairushi risasi. Nikajaribu kuilinda kwa yangu. Nimekufa nikiilinda.

Ujinga mtupu. Nimelia kidogo, nimezima.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimeongea na Deo! Nimeongea na mume wangu!

Kuna mfanyabiashara wa dhahabu ana phonie, redio ya kuita watu wa ndani ya nchi. Unapanga mstari, unaingia chumbani, wote walio nyuma yako wanasikia. Ukimaliza kusema lazima useme "à toi", la sivyo mwenzako hawezi kujibu.

Sauti yake ilitoka kama mtu aliye ndani ya pipa. Ilikuwa sauti yake.

"Chérie, unanisikia? À toi."

Nikasahau yote niliyopanga. "Nakusikia! Uko unakula nini? À toi."

"Bugali na maharagi. Salle iko wazi? À toi."

"Iko wazi. Nakupenda sana sana. À toi."

Upepo tu kwenye redio. Muzee mmoja nyuma yangu akasema, "Papa, jibu basi! Shiye bote tunangoja." Chumba kizima kikacheka. Deo akasema kwa sauti ndogo, "Na miye pia. À toi." Maman mmoja mwenye beseni akanisukuma kwa kiuno: "Eee, bibi arusi, toka! Acha na shiye tuongee na babwana betu, hata kama habatupendi."

Nimetoka uso unawaka. Nimepanda mlima wote bila kuuona.

Sikumwambia kwamba hakuna anayekuja. Aliuliza kama iko wazi. Iko wazi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Tonton Faustin amekuja. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mutoto yangu, uko unalinda kabati."

Nikamwambia Deo atarudi. Akasema watu wa kikundi cha maombi wanaitaka nyumba, na wao angalau wanaijaza. Nikasema na sisi tutaijaza. Akacheka, si kwa ubaya.

"Sawa. Mwezi ikiisha nitapita. Nionyeshe bantu banacheza, nitanyamaza. Kama ni weye na kiti, utanipatia ufunguo."

Nimekaa nikiwahesabu wachezaji wetu wa zamani kichwani. Bingwa wetu alishika bunduki, sijui upande gani. Kaka yangu yuko Bujumbura. Wale wa chuo wako Kavumu kwa wajomba zao, wanalima. Wengine wapo hapa hapa mtaani lakini mama zao hawawaachi. Mwaka jana askari waliingia salle wakati imejaa, wakapakia vijana kwenye gari. Viatu vilibaki kwenye mstari. Nilipomuuliza Deo kuhusu siku ile, aligeukia ukuta.

Upweke wangu leo una uzito, kama ndoo ya maji.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimepata wazo! Sauti. Ni sauti iliyotuita sisi sote. Hakukuwa na kibao wala tangazo, watu walisikia wakaja. Deo alipoondoka aliipunguza ili mama yake apumzike. Nyuma ya mashine kuna kitufe. Ijumaa mchana umeme huwa unakuja mtaani kwetu. Nitafungua mlango wote na madirisha yote na kupandisha sauti mpaka mwisho. Watasikia kwamba tuko hai.

Deo angenibusu kwa wazo hili. Najua mahali gani. Hapa kwenye paji la uso.

Ijumaa, 29 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Umeme ulikuja alasiri, mvua imetoka kuisha, mtaa umenyamaza. Nilivaa kitenge cha arusi. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikatia jetoni, ndege zangu zikaanza. Risasi, halafu bomu kubwa la mwisho wa hatua ya kwanza. Bati la paa lilikuwa linalia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ilikuwa kama zamani! Kama zamani kabisa!

Halafu nikasikia sufuria. Moja, kutoka kwa jirani. Halafu nyingine chini yake, halafu bonde zima, watu wanagonga sufuria kwa vijiko kama tunavyofanya wote wezi au watu wa bunduki wakiingia mtaani. Nikafikiri: Mungu wangu, wameingia. Nikalala chini ya kiti. Na mashine ikaendelea kupiga risasi juu ya kichwa changu.

Nilikaa pale muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba risasi zote zilikuwa zangu.

Nikatoka nje. Barabara imejaa watu wanaokimbilia ziwani na magodoro kichwani. Nikapiga kelele, "Ni mashine! Ni mchezo!" Maman Furaha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa wa kwanza kusimama. Alinitazama, akatazama mtoto mgongoni mwake, akapiga yowe. "Huyu si wangu!" Alikuwa amembeba mtoto wa mpangaji wake, wa kwake amemwacha ndani ya beseni. Walicheka. Wengine walikuwa wanacheka na kulia pamoja. Wachache waliingia salle, wakasimama mbele ya mashine, na kijana mmoja akavua kiatu, akakiweka sakafuni. Naapa. Alikiweka.

Lakini askari nao walikuwa wamesikia. Walikuja na gari. Watu wakatoweka kama maji. Kijana yule alikimbia na kiatu kimoja.

Mkubwa wao aliuliza nani anapiga. Nikaonyesha mashine. Hakuamini, akacheza yeye mwenyewe, akafa haraka, akakasirika. Akasema kitu hiki kinatisha raia na kitakwenda kambini. Waliinyanyua watu wengi, wakaigonga mlangoni, kioo kikapasuka pembeni. Nilisema, "Papa, tafadhali, ni ya bwana yangu." Akaniambia nishukuru kwamba wanachukua mashine tu.

Nimeshukuru. Nilisema "aksanti" kwa mdomo wangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jumamosi, 30 Oktoba

Sikufungua. Hakuna cha kufungulia.

Mama Deo hakunigombeza. Alinipikia sambaza, wale dagaa wa ziwani, akakaa nami kwenye jiko la mbabula mpaka makaa yakazima. Mlangoni kwetu, kila anayepita anasema "Tatatata!" na kucheka. Nami ninacheka. Ndani yangu hakuna hata sauti moja.

Kelele ile ile. Zamani ilitukusanya. Sasa watu wakiisikia wanabeba watoto.

Jumanne, 9 Novemba

Phonie. Nimengoja asubuhi nzima. Nilikuwa nimeamua kumdanganya, mpaka nikasikia sauti yake.

"Salle iko wazi? À toi."

"Deo, nimeipoteza. Nilipandisha sauti. Bantu balifikiri ni vita. Basoda balibeba mashine. Hakuna kitu tena, ni sakafu tu. Unisamehe. À toi."

Upepo tu tena. Hata wale wa nyuma yangu hawakucheka. Nilifikiri amekwenda.

"Ulipandisha mpaka mwisho? À toi."

"Mpaka mwisho. À toi."

"Na bantu balisikia mpaka ziwani? À toi."

"Mpaka ziwani, bakakimbilia ndani yake. À toi."

Nikasikia kicheko, kile chake cha puani, halafu kikakatika katikati. Akasema televisheni na jenereta bado anavyo, lakini njia ya Mwenga imefungwa, wanapigana, malori hayapiti. Kwa miguu watu wanakamatwa. Akasema, "Nilikuwa narudilia salle na weye. Sasa narudilia weye. Lakini sijue lini. À toi."

Nilikuwa na zamu ya kusema. Niliminya kitufe, nikapumua tu. Mwenye redio aliniacha. Kisha akaninyang'anya kwa upole.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimempelekea Tonton Faustin ufunguo. Hakuupokea. Watu wa maombi wamekataa nyumba, wanasema askari wakishajua mlango hurudi. Hakuna mtu anayeitaka.

Nikamwambia, "Tonton, miye naitaka."

"Ufanye nini nayo?"

"Nilale. Tukae, miye na Deo."

Alinitazama kana kwamba nimeanza homa. Halafu akasema sawa, kaa, mutoto yangu, na akafungua mwavuli wake haraka, kama mtu anayeficha macho.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimehamia. Mama Deo alinisaidia kubeba kitanda, na Maman Furaha akabeba masufuria, anayagonga njiani makusudi ili watu wacheke. Tumeosha sakafu kwa brashi. Mahali mashine iliposimama pana mraba mweusi kuliko pengine, hautoki. Tumeweka kitanda juu yake. Kinatosha vizuri. Dirishani nimeweka pazia nililoshona kutoka kwenye shela. Jioni jua linaingia kwa pale na chumba chote kinakuwa cha rangi ya maziwa. Ni nyumba nzuri. Ni nyumba yetu ya kwanza, na sijawahi kuwa na chumba kikubwa hivi.

Wao wameondoka. Nimekaa kitandani. Nimesikia mvua ikianza juu ya bati.

Wamekuja vijana wawili wa chuo, wale wa Kavumu, wametoka leo leo, matope mpaka magotini. Hawakuwa na habari. Walisimama mlangoni wakichungulia.

"Sista, hapa habachezi tena?"

"Hapana," nikawajibu. "Hapa ni nyumba sasa. Tunaishi hapa."

Wakaomba radhi kwa adabu. Yule mrefu akatazama tena ndani, kitanda, mito miwili, chumba kilivyo kirefu.

"Weye na nani?" akauliza.