Koki Iliyochelewa

Kariakoo, Dar es Salaam
Ijumaa, baada ya alasiri

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinilea hivyo na kalamu haikubali kuanza vingine.

Tumeshasoma arobaini yako. Mama bado yuko eda, hatoki, na sokoni sasa naenda mimi kabla ya shule. Wauza nazi hawataki nichague, wananichagulia wenyewe zile kubwa, kwa sababu mimi ni mtoto wa marehemu. Baiskeli yako iko uani, imeegemezwa ukutani. Shangazi, aliyekuja kutoka Bagamoyo kukaa na Mama, aliifunika kwa kanga ili tusiione. Tangu siku hiyo ndipo tunapoiona zaidi.

Hospitali hawakuniruhusu nikuone. Walisema mvuke umekuharibu uso, bora nibaki na ule ninaoujua. Ninao, Baba, lakini unanitoroka. Asubuhi nyingine naupata wote, nyingine napata masharubu tu.

Kisichonitoroka ni ile jioni ya matofali. Nilikuuliza kwa nini bomba la mvuke la kiwandani kwenu unalichora lina kona, wakati kutoka kwenye boila hadi kwenye masufuria ya sabuni njia imenyooka. Ulichukua spoki ya baiskeli ukaibana katikati ya matofali mawili, ukavuta seredani ya Mama chini yake. Spoki ikapata moto, ikakunja mgongo kama paka. Kisha ukachukua nyingine, ukaipinda katikati kama fremu ya mlango, ukaibana vile vile. Ile ikatulia. Miguu yake miwili ilisogeleana kidogo tu, na matofali hayakutikisika. Ukasema, "Chuma kikipata joto hurefuka, huwezi kukikataza. Kazi ya fundi ni kukipa mahali pa kunyooshea miguu." Mama akauliza, "Na maharage yangu nayo yatanyoosha miguu lini?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ulikuwa fundi mwangalifu. Bomba jipya hukulipa mvuke kabla ya kulijaza maji na kuyasukuma kwa pampu, kupita nguvu ya mvuke wenyewe, ili kama ni kupasuka lipasukie kwenye maji. "Maji baridi yakikupiga unalowa tu," ulisema. Nataka haya yaandikwe kwanza, kabla sijafika kwenye koki.

Bomba lile la mwisho lilibidi lishuke kupita chini ya boriti, kisha lipande tena. Pale chini mvuke ukipoa hugeuka maji, yakakaa. Ulinieleza kwamba mvuke mwingine ukiyakuta maji hayo huyarusha mbele, na yakifika kwenye kona hupiga kama nyundo. Kwa hiyo pale chini huwekwa koki ndogo, ya kuyatoa maji kwanza. Koki yako ilikuwa imeagizwa Mombasa, haikufika. Jumapili mchana, tulipokuwa tukila, ulimwambia Mama kwamba tundu umeliziba kwa kizibo. "Kesho tutafungua polepole, itatosha." Mama akakuuliza kwa nini usingoje. Ukasema, "Nimewaahidi Jumatatu." Mimi nilikuwa nakumiminia maji ya kunawa. Nilisikia.

Jumatatu ndiyo hiyo bomba lilipokupasukia.

Aliyekuwa kwenye vali ni Kaka Athumani, uliyemfundisha kazi mwenyewe. Watu walisema amefungua kwa pupa. Kiwandani wakamfukuza, na mafundi wengine hawamtaki. Sasa anasukuma mkokoteni sokoni. Asubuhi moja alipita mbele yangu na magunia ya mkaa, na hamali mmoja akapaza sauti, "Mpisheni fundi vali, asije akatufungulia." Mwingine akadakia, "Polepole, bwana, sisi wengine tuna watoto." Wakacheka. Yeye aliinamisha kichwa akasukuma.

Nilimfuata mpaka penye bomba la maji, nikamwuliza kwa nini hawaambii habari za koki. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa. "Koki gani?" Kisha akashusha sauti. "Baba yako aliniambia fungua, nikafungua kama alivyonifundisha. Yaliyobaki rudi nayo nyumbani, mdogo wangu. Usiyalete sokoni."

Alikuwa anakufunika, Baba. Wewe umezikwa fundi hodari, na yeye anatembea mjini akiitwa muuaji.

Nyumbani niliposema, Shangazi aliacha kupeta mchele. "Unataka kumfukua kaka yangu? Maiti hasemwi." Nilimtazama Mama. Mama aliutazama ungo.

Siku zile nilikaa darasani bila kuona ubao. Sikujua kwamba mtu anaweza kumlilia mtu na kumkasirikia kwa machozi yale yale. Ungengoja. Koki ni kitu cha kuenea kiganjani. Ungewaambia Jumatatu haiwezekani, nao wangefoka, na wewe ungerudi nyumbani ukatuigizia kufoka kwao, na tungecheka. Ungengoja, Baba.

Siku ya arobaini wanaume walikaa mikekani barazani. Hitima ilipokwisha, kabla sinia za pilau hazijatoka, Mama aliniita nyuma ya pazia. "Uliyoyasikia wewe na mimi niliyasikia," alisema. "Mimi siwezi kutoka mbele ya wanaume. Toka wewe." Akanifunga mtandio upya, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri.

Nilisimama mlangoni. Niliamkia kwanza. Nikasema koki haikuwepo. Nikasema Baba alijua, na kwamba aliyesema fungua ni Baba, na Kaka Athumani alifungua polepole. Sauti ilikatika kwenye jina lako, nikalirudia. Mzee mmoja akasema mtoto huyu apelekwe ndani. Baba mdogo, mdogo wako, akainuka, nami nikajikunja maana nilidhani ananijia. Akanipita. Alivuka barabara hadi pale Kaka Athumani aliposimama, kwa sababu alikuwa amekuja kukusomea na hakuthubutu kukaa na watu. Akamshika mkono, akamleta, na sinia zilipotoka akamketisha kwenye sinia moja na yeye. Wakala. Wengine waliendelea kukaa wakiwa hawajanawa, kisha mmoja akanawa, kisha wote.

Shangazi alirudi Bagamoyo kesho yake bila kuniaga. Baba mdogo alikwenda kiwandani kuwaeleza, wakamwambia watalitazama jambo hilo. Mpaka leo wanalitazama. Lakini sokoni utani umekoma, na juzi mwenye mashine ya kukoboa alimwita Kaka Athumani akamfungie bomba. Ni bomba la maji tu. Alikuja kutuambia mwenyewe, amevaa kanzu kama anakwenda kuposa.

Nyumba imekuwa kimya, Baba. Mama anapika kidogo na bado kinabaki.

Mwalimu wangu wa hesabu anasema kurefuka kwa chuma kunaweza kuhesabiwa kwenye karatasi kabla moto haujawashwa, na kuna watu ambao kazi yao ni hiyo. Nilimwuliza kama wamo wanawake. Alifikiri, akasema yeye hajasikia. Kisha akafungua kabati akaniazima kitabu. Kigumu. Niko ukurasa wa nne kwa wiki ya pili, lakini ule wa tatu nimeuelewa.

Sasa nakuacha upumzike. Huenda huko uliko umeninunia. Nitavumilia, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa hununi kwa muda mrefu. Ninakuahidi kwamba nikipewa kazi kama yako, watu watafoka na mimi nitangoja. Na nilikusema mbele ya watu, lakini sikukukana. Nikiulizwa mimi ni binti wa nani, nitalitaja jina lako lote, lako na la babu, bila kushusha sauti.

Mwanao,
Mwanaidi