Wifi na Simu Yake

Jumamosi, Temple Hills, Marekani

Na bado hajaituma ile video! Kurekodi alirekodi mwanzo mpaka mwisho, huyu wifi yangu Tausi. Alikuja kwenye michezo ya wazee ya jimbo, kwenye shindano letu la kutupia mipira kikapuni, kwa kazi moja tu, kuinasa aibu yangu. Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu, "Mama wa miaka hamsini na kaptula, anarusha mipira mbele ya Wazungu! Atatutia aibu ukoo mzima."

Mpira wangu wa kwanza haukufika hata kwenye pete. Mpira wa kikapu ni mzito kuliko ule wa netiboli niliokua nao Tanga. Nikamsikia akicheka.

Basi nikasimama kama tulivyofundishwa shuleni: miguu imetulia, mpira juu ya kichwa, mkono mmoja. Wenzangu wote walikuwa wakiugonga kwanza ubao wa nyuma ya pete. Mimi ubao siujui, netiboli haina. Ukaingia mmoja, ukaingia mwingine, yote katikati ya pete, na kicheko cha wifi kikakatika.

Medali ya dhahabu!

Jioni nimemwandikia kwenye grupu la familia, mama mkwe akiwemo: "Wifi, tuma ile video." Kajibu imefutika. Mwongo mkubwa.

Mume wangu anasema niyaache, ni dada yake. Labda ni kweli, na naogopa nitamgombanisha na dada yake. Lakini...

Kesho mama mkwe, mama yake mzazi Tausi, anataka kuniona nimeivaa medali, kwa simu ya video. Nimeshamwalika wifi chakula cha mchana.

Simu atashika yeye.