Uso wa Mama Siku ya Harusi

Vitongoji, 12 Machi 1986

Mwanangu Thuraiya,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na mumeo Nabhan, na wakwe zako wote huko Tanga? Sisi tu hai, alhamdulillahi. Nakuandikia asubuhi, ikifika jioni vidole haviniitikii.

Miezi minane hujaniandikia. Kaka yako Badar kanambia sababu: siku ya harusi yako mama mkwe wako alinisalimia, nami nikambenulia mdomo, nikasukuma sahani ya biriani, nikakaa nimefumba macho kama niliyechoshwa na wageni.

Mwanangu, nilikuwa nacheka. Uso ndio ulionikataa.

Nilianza kuumwa kabla ya harusi, nikaficha. Asubuhi naamka mzima, ikifika alasiri kope zinashuka, taya linachoka kutafuna, kila mtu namwona wawili. Watu wakasema husda. Nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Mwezi uliopita Badar akanipeleka Dar. Daktari akanambia nitazame juu nisipepese. Kope zikaanguka zenyewe. Akanidunga sindano. Kitambo kidogo zikanyanyuka, na daktari akawa mmoja. Akanieleza kwamba mshipa wa fahamu unapeleka habari, lakini pale msuli unapoipokea, mwili wangu wenyewe umepaziba.

Nikamuuliza, "Hata habari ya kucheka?"

"Hata hiyo, Bibi."

Nikalia mbele yake.

Mama yako,
Mwanamize


Tanga, 29 Machi 1986

Mama yangu,

Shikamoo. Vidonge umepewa? Unameza? Unakula?

Barua yako niliisomea jikoni, wali ukaungua. Mama, mimi ndiye niliyewaambia watu hapa kwamba unamdharau Nabhan, kwa kuwa yeye ni fundi wa malori na sisi zamani tulikuwa na mashamba ya mikarafuu. Nimelisema kwa mdomo wangu. Wewe huwezi kutafuna, mimi nakuhesabia makosa. Nisamehe.

Nna mimba ya miezi sita. Sikukwambia kwa hasira tu. Nataka nije nikuuguze. Nijibu upesi.

Mwanao,
Thuraiya


Vitongoji, 19 Mei 1986

Mwanangu,

Salamu nyingi, na huyo aliye tumboni pia. Nilikusamehe kabla hujaomba. Najua umengoja.

Nilishikwa na malaria. Kituoni wakanitundikia dripu ya kwinini. Daktari wa Dar alinipa karatasi ya dawa nisizoruhusiwa, na kwinini imo, lakini niliiacha sandukuni. Niliona haya kumfundisha daktari wa kituoni kazi yake. Kabla ya adhuhuri shingo haibebi kichwa, mate hayamezeki, pumzi nyembamba. Nikasikia wanasema, "Bibi kalala." Sikulala. Sikuweza kusema. Badar akaenda mbio na baiskeli, akaleta karatasi. Wakaikata dripu, wakanipeleka hospitali, nikawekewa oksijeni siku tano.

Siku zote hizo niliwaza jambo moja: nife, ubaki na uso ule?

Sasa nafuu. Nameza kidonge nusu saa kabla ya chakula, nakula. Usisafiri na mimba hiyo.

Mama yako


Tanga, 30 Juni 1986

Mama yangu,

Shikamoo. Nimejifungua salama Jumatano, mtoto wa kiume, na sote wazima.

Nimemsomea mama mkwe barua zako. Akasema, "Nami nimemsengenya mgonjwa mtaa mzima." Kahamisha kitanda chake mwenyewe, chumba kile kisicho na ngazi ni chako. Ananiuliza uji uwe mwepesi kiasi gani.

Aliyekukabidhi barua hii ni Nabhan mwenyewe. Kaomba ruhusa kazini aje akuchukue. Anaona haya kwako, mkaribishe ndani.

Usinijibu, Mama. Njoo.

Mwanao,
Thuraiya