Kibali cha Babangu

Tumu shoga, Niko Malindi, matangani kwa shangazi.

Wajua mwaka wa themanini na tano tulirudishwa Pemba? Babangu alikuwa na kibali cha kazi cha wageni, mpishi wa nyumbani, Mombasa. Akapata kazi hoteli moja ya Watamu, ikabidi kibali kibadilishwe, aina na mahali. Akanyimwa.

Sasa aliyemnyima yuko hapa barazani! Mzee Badi, zamani karani wa vibali. Nampa kahawa, hanijui, awachekesha wenziwe: "Nikamwambia yule mpishi Mpemba, aliyetaka hoteli ya Watamu, kibali utapata, lakini binti yako aje kwangu anifulie. Akanitemea mate, nami nikamrudisha kwao!"

Anifulie! Nilikuwa na miaka kumi na minne, Tumu!

Na wenziwe wakacheka. Matangani!

Nikamwambia, "Binti mwenyewe ni mimi."

Wadhani aliona haya? Akanitazama juu chini: "Kumbe babako alininyima mali."

Astaghfirullah. Nilimpokonya kikombe, kahawa nikaimwaga mbele ya miguu yake. Kicheko kikakatika. Mwanawe mwenyewe akamshika mkono akamtoa.

Babangu alikufa akituambia ni sheria tu ya serikali. Kumbe alikuwa akinikinga mimi.