Vitabu vya Kumwelewa Honi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, cherehani nzima, mgongo tu ndio unanung'unika. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu baba yako atanisikia. Yeye mwili hauna neno, shida ni mdomo. Tangu astaafu udereva wa lori, hasemi. Mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Honi! Asubuhi anasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, halafu anatoka kuzurura mpaka giza. Nikimuuliza, "Hakuna kitu." Zamani alikuwa anakuja siku mbili tu, na tunacheka mpaka tunakohoa. Sasa amekuja moja kwa moja, amekuwa bubu. Nadhani amenichoka, mwanangu, na inaniuma.

Wewe unauza vitabu. Nichagulie vya kuelewa akili za watu. Visiposaidia, mwisho wa mwezi ujao nahamia kwa mama yako mdogo.

Mama yako


11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, duka nalo halijambo ukiacha panya. Nimekutumia vitatu. Chekundu kinaeleza jinsi utoto wa mtu unavyomfuata ukubwani. Ni kinene, kisome taratibu. Cha kijani kinasema umuige mwenzako anavyokaa na anavyosimama, ajisikie yuko na mtu wake. Kile chembamba kinasema wewe nyamaza tu, mwenzako atashindwa na ataongea mwenyewe. Hicho wateja wanakigombania, kwa hiyo nirudishie, tafadhali.

Usihame. Mama mdogo anakoroma.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi tunapumua. Nilianza na chekundu. Nikamuuliza baba yako kama aliachishwa ziwa mapema. Aliweka kikombe chini akatoka bila viatu.

Nikashika chembamba, nikanyamaza. Naye akanizidi, hata salamu akakata! Tunapishana sebuleni kama walinzi wanaobadilishana zamu. Anayeongea humu ndani ni paka. Mteja aliyekuja kupima gauni aliniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Sanduku nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.

Mama yako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimecheka sana, kisha nikalia kidogo. Usipande gari, nakuomba. Bado kuna cha kijani.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Basi kaa kwanza. Jana nilikuwa nashona pindo, baba yako yuko pale pale mlangoni. Nikasema leo namuiga. Nikasimama, mkono kiunoni kama yeye. Papo hapo yeye akachuchumaa, kama mimi nilivyokuwa nimeketi! Nikachuchumaa nimuige, naye akasimama aniige mimi. Nikasimama, akashuka tena, magoti yanalia.

Nikamwambia, "Wewe mzee, umesoma cha kijani!"

"Na chembamba," akasema. "Nakisoma ukienda kununua uzi. Wiki zote hizi nangoja uongee."

Tulicheka mpaka paka akakimbia. Nilipopata pumzi nikamuuliza kwa nini kila siku anasimama mlangoni, haketi kama watu.

"Niketi wapi?"

Nikatazama. Kochi lote ni sare za wanafunzi. Kiti kimoja kina pasi, kingine magauni, na stuli ina makopo ya vifungo. Mtu wa kulala siku mbili na kuondoka hakuhitaji kiti. Akasema kwenye lori alikuwa na kiti chake, hapa alidhani nataka arudi barabarani. Mimi nadhani kanichoka, yeye anadhani namfukuza! Nimeona aibu, mwanangu. Nilimshika mkono.

Mama yako


3 Mei

Binti yangu,

Marahaba, najua umeniamkia. Leo naandika mimi, mama yako ana kazi mikononi na mdomoni pia. Hatujambo kabisa. Tumetoa kiti cha zamani stoo, tumekiweka karibu na cherehani. Namtungia uzi kwenye sindano, namsimulia safari zangu. Leo ameniambia ninyamaze mara tatu, nami nimefurahi kupita kiasi. Sanduku limerudi juu ya kabati.

Chekundu na cha kijani nakurudishia. Chembamba usikingoje, wateja wako watusamehe. Kiti kina mguu mmoja mfupi. Tulijaribu kuuwekea chini vitabu vyote vitatu, kimoja kimoja, na hicho ndicho kilichofaa.

Baba yako