Picha Nzuri ya Kifua

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Gari la picha limekuja timboni leo. Refu, jeupe, likaegeshwa pale pale tunapopakia mawe. Malori yamezuiwa asubuhi nzima, naye nyapara wetu, Charo, amefura. Mwenye gari ni daktari wa Malindi, Daktari Lubna, mama mpole, Kiswahili chake kinamwagika tu. Msaidizi wake ni kijana wa Nairobi, Oliver. Amekuja na viatu vyeupe. Viatu vyeupe timboni! Kufika saa nne vilikuwa rangi moja na sisi.

Wanapiga picha vifua vya wote wanaokata mawe, waone vumbi limetufanya nini. Bure. Sanga, ninayelala naye chumba kimoja, akasema cha bure, Mkamba, usikiulize maswali. Nikaingia. Vuta pumzi, zuia! Kuvuta si neno. Kuzuia ndiyo kazi. Nakohoa tangu Pasaka. Nilizuia hivyo hivyo mpaka machozi, nikatoka, nikaenda kukohoa nyuma ya lori Charo asinione.

Charo alishasema: kifua kibovu, rudi kwenu. Kwetu ni Mwingi. Mvua imetusahau, na mke wangu Ndinda na watoto wanakula hiki ninachotuma. Kwa hiyo kifua changu ni kizima. Basi.

Ijumaa, 5 Septemba

Oliver karudi, kwa bodaboda. Walisahau saini zetu! Watu wamesoma mpaka macho yakahitaji miwani, wakasahau saini. Bila saini hawawezi kutuma ikisiri.

Mimi nilidhani ikisiri ni dawa. Kumbe ni karatasi. Daktari anaandika kwa ufupi alichokiona vifuani mwetu, anawatumia wakubwa wa mkutano wa madaktari wa picha, ng'ambo huko. Wakiipenda, wanamwita akasimame mbele yao na kuieleza. Wasipoipenda anabaki Malindi na joto lake. Mwisho wa kutuma ni Jumapili. Oliver hali, halali, anatetemeka kama mtu anayedaiwa mahari.

Nikamuuliza, inakuwa ndefu kiasi gani? Maneno mia tatu, hata moja lisizidi. Sisi tuko wanaume sitini. Maneno matano kila mtu! Nikamwambia yangu haya hapa, asisumbuke: kifua kinauma, lakini kazi naitaka. Akacheka. Hakuandika.

Na majibu yetu? Eti kwanza ikisiri.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo kaja daktari mwenyewe. Wamefungua kompyuta juu ya mawe, chini ya turubai letu. Kumbe ikisiri inataka picha moja ya kuonyesha. Moja kati ya zote. Wanabishana kama watu wanaochagua mbuzi wa sikukuu. Hii imefifia. Hii mtu alitikisika. Hii haina kitu — ilikuwa ya Sanga! Haina kitu, weka kando. Sanga alikuwa amesimama pale pale na sepetu lake, uso ukamshuka.

Halafu Oliver akapiga kelele. "Hii, daktari! Hii ndiyo nzuri! Tazama ilivyo wazi, juu mpaka chini!"

Daktari akainama. Akasema ni nzuri kweli, hajapata kuona nzuri hivi mwaka huu. Akauliza ya nani. Yangu.

Akaniita kakangu. Je, kakangu, nitaridhia picha yangu ionekane na madaktari wa dunia, bila jina? Nikasema hata na jina, daktari. Akatabasamu, kisha akaniangalia kidogo zaidi ya inavyohitajika. Akauliza nakohoa? Charo yuko hatua mbili nyuma yake. Nikasema hapana, labda mafua. Akasema majibu ya kila mtu atayatoa faragha, tumpe muda, hii ikisiri imemkaba. Nikaweka saini, jina zima, na la baba.

Jioni nimemcheka Sanga mpaka mbavu zikauma. Nimemwambia wewe huna kitu ndani, hata mapafu hukupewa. Akasema, na wewe, bwana harusi, Ulaya wanakungoja. Wote sasa wananiita Bwana Harusi. Waniite. Sitini walipigwa picha, nzuri ni moja.

Jumapili, 7 Septemba

Nimempigia Ndinda. Amefurahi. Ameuliza kama kikohozi nacho kimeisha. Nimesema daktari bingwa ameona kifua, kizuri kuliko vyote. Akasema basi sasa aache kuota ndoto mbaya. Wanawake.

Jumatatu, 8 Septemba

Charo ametangaza: mashine mpya ya kukata mawe inataka mtu wa kifua. Mshahara unapanda. Macho yote kwangu. Daktari kasema mwenyewe, na Charo alisikia! Nimepewa mashine. Sanga kapelekwa kuchota maji, eti mtu asiye na kitu kifuani mashine itamuua. Usiku amenigeuzia mgongo. Wivu huo.

Jumatano, 17 Septemba

Mashine hii ina shetani. Shoka lilikuwa linarusha vipande, hii inatoa unga. Unga mweupe, mwembamba, unaingia kwenye chai, kwenye masikio, kwenye ugali. Charo kanipa barakoa moja, ya kitambaa, na kanionya nisiipoteze. Moja! Nafua jioni, asubuhi haijakauka, naivaa mbichi. Nimekuwa na kope nyeupe. Watoto wa Matsangoni, kijiji cha jirani, wamenikimbia barabarani wakipiga mayowe, babu, babu! Nina miaka thelathini na nane.

Ngazi ya timbo naipanda kwa vituo viwili. Ni uchovu wa mashine. Mtu yeyote angechoka.

Jumatatu, 6 Oktoba

Oliver kapiga simu, anapiga kelele kama aliyeshinda kura. Imekubaliwa! Ikisiri imekubaliwa, tena si ya kubandika ukutani, ni ya kusimama na kueleza. Wakubwa wa ng'ambo wameisifu picha. Yangu! Daktari anatafuta viza. Oliver pia anatafuta viza. Nikasema, na mimi je, mwenye kifua? Akacheka tena yule mtoto. Kila nikisema la kweli yeye anacheka.

Nikamuuliza, nisifiwe kwa nini hasa, mtu anasifiwaje kwa mapafu? Akaanza, unajua, ni nadra kuyaona waziwazi hivi kwa mtu ambaye bado… Kisha akasimama. Akauliza, kwani hujapewa majibu? Nikasema nani atoe, wewe? Akasema kuna mtu anamwita, akakata.

Hakukuwa na mtu. Ningesikia.

Jumatano, 8 Oktoba

Majibu yameanza kuingia kwenye simu, mmoja mmoja. Sanga hasomi vizuri, na miwani yake imevunjika, akaniletea mimi. Kwanza sikutaka, tangu ile siku hatusemezani sana. Akasema, wewe Mkamba soma tu, utanicheka baadaye.

Nikasoma kwa sauti. Picha yako ya kifua haina kitu. Uko salama. Endelea kujikinga na vumbi.

Akaniambia rudia. Nikarudia. Haina kitu, uko salama. Akaruka! Mtu mzima, na ndevu zake, anaruka ndani ya chumba. Akanikumbatia, akasema mwezi mzima amekuwa akijiona maiti anayebeba ndoo za maji.

Nimekaa na simu yangu mpaka taa ya solar imekufa. Hakuna ujumbe. Kama haina kitu ndiyo salama, basi nzuri ni nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya mashine. Sikutaka kufikiri.

Saa tisa ujumbe. Wenzangu wote waliokwisha kupata wameandikiwa kama Sanga, maneno yanafanana. Wangu ni tofauti. "Kakangu, tafadhali fika Malindi kwangu Jumatatu asubuhi. Njoo na mtu wa familia." Familia! Nimtoe Ndinda Mwingi kabla ya Jumatatu, kwa mabawa? Sanga akasema atakuja yeye, aseme ni shemeji. Nikamwambia sihitaji shemeji. Akasema mjinga wewe. Nitaenda peke yangu.

Charo hajui. Nimesema naenda msibani. Akauliza nani kafa. Nikasema mtu wa kwetu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Malindi. Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari. Mlango haufungi vizuri, pesa zote zimeingia kwenye mitambo.

Aliponiona peke yangu alisimama. Daktari, kusimama kwa ajili yangu! Akanipa kiti chake mwenyewe, chenye mto. Sikukipenda kile kiti. Mezani ana pasipoti, na kibeti kipya. Nikamwambia hongera kwa ikisiri. Akasema ahsante kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeshikwa anakula mchana wa Ramadhani. Nikasema nionyeshe basi hiyo picha, wameiona wazungu, mimi bado. Akasema nitaiona, leo hii, lakini si peke yangu. Akaomba namba ya Ndinda. Akaniomba nisubiri nje kidogo.

Kifua changu, mke wangu, na wa kukaa nje ni mimi.

Ameanza kwa salamu. Habari za nyumbani, watoto, mvua. Kile Kiswahili chake cha kumwagika kimeisha, sasa anatoa neno moja, anangoja, anatoa jingine. Ndinda namsikia kwa mbali, amewekwa kwenye spika, anapiga kelele kama kawaida yake akiongea na simu. Anamshukuru daktari. Anamshukuru! Anasema kifua cha mume wake kiliposifiwa wamefunga na kuomba kanisani, na sasa amepandishwa kazi, yuko kwenye mashine.



Daktari anauliza, mashine gani, mama? Ya nini?

Ya kukata mawe, anasema Ndinda. Ameifanya mwezi sasa.

Kiti kimeburutwa. Sauti ya Ndinda inaita, halo, daktari, halo, mbona umenyamaza? Viatu vinakuja mlangoni —